Mfumo Ukikwama, Mteja Asiwe wa Kwanza Kujua

Siku ya soko Taveta, mchuuzi wa ndizi anangoja malipo na meseji haijaingia. Matatu ya Voi inajaa. Mnunuzi atume tena ama asubiri?

Sisi tunaona mzigo huo si wake. Ni wa kampuni inayobeba pesa zake.

Mifumo mingi ya malipo na benki imeandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1995. Programu ya Java husafisha kumbukumbu yake yenyewe. Kumbukumbu ikikaribia kujaa, usafishaji huo unaweza kuisimamisha kwa muda, na malipo yakapanga foleni. Vifaa vya kufuatilia hali hiyo vipo, tena vya bure: Java Flight Recorder hurekodi yanayoendelea ndani ya programu, Prometheus hukusanya vipimo, Grafana huvichora.

Shida ni kipimo gani kinaangaliwa. Wastani hudanganya. Miamala 99 ikichukua sekunde 1 kila mmoja, na mmoja ukachukua sekunde 60, wastani haufiki hata sekunde 2. Kwenye skrini ya ofisini mambo ni shwari. Kwa mwenye muamala ule mmoja, matatu imeshaondoka. Kwa hivyo kampuni ipime miamala inayochelewa zaidi, na mfumo ukilemewa iwaambie wateja mapema.

Nawe, meseji ikichelewa, usikimbilie kutuma tena. Cheki salio na taarifa ya miamala kwanza. Kama pesa imetoka na haijafika, pigia huduma kwa wateja.