Bosi wa mkataba, kadi iko wapi?

Wadau, hapa Kwa Sadala tunawatukana sana bodaboda kwa mishikaki na mwendo wa kushuka kutoka Masama. Sawa, wanakosea. Ila wengi wako kwenye mkataba: kila siku hesabu kwa bosi, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka deni liishe ndiyo wapewe kadi. Dogo ambaye saa kumi na mbili jioni hesabu haijatimia, atamkataa abiria wa pili kweli? Kuna bosi mmoja (simtaji, anajijua) kamnyang'anya dogo chombo zikiwa zimebaki wiki mbili tu. Mkataba wenyewe wa mdomo! Madogo, andikishaneni kwa mwenyekiti wa kitongoji, na hesabu tumeni kwa simu, meseji msifute. Na nyie mabosi, siku ya mvua sameheni basi.