Usinunue Mashua kwa Rangi Yake

Safu ya PWANI YETU, na Amade Saide

Ubao mkavu husinyaa. Mashua ikiachwa juu ya mchanga kaskazi na kusi bila kuguswa na maji, mbao zake huachana, pamba iliyo kwenye mishono huoza, na misumari huliwa na kutu ndani kwa ndani huku nje ukiona chombo kizima. Hapa Mocímboa da Praia vyombo vya namna hiyo tunavijua. Mji ulishambuliwa alfajiri ya Oktoba 5, 2017. Agosti 2020 ukatekwa pamoja na bandari yake, na Agosti 2021 ukakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Watu walikimbia kwa bahari, wengine hadi ufukwe wa Paquitequete, Pemba. Wengi waliorudi hawana chombo, na mvuvi asiye na chombo hununua kilichotumika.

Nina neno na mnunuzi huyo. Rangi ya buluu iliyopakwa juzi haikuambii lolote. Lami iliyomwagwa kandokando ya mkuku ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu hakuna anayemwaga lami mahali pakavu. Chombo kikaguliwe kikiwa nchi kavu, kabla hamjataja bei. Miminia maji ndani, kisha zunguka nje polepole ukitazama yanapotokea. Tone moja moja kwenye mshono si kitu cha kukutisha, ubao ukishiba maji utavimba na kujibana. Maji yakitoka karibu na msumari wenye doa jekundu, au ncha ya kisu ikizama kwenye ubao ulio jirani na mkuku, hapo hununui tena mashua, unanunua kuni.

Ukikuta mbao nzima, mwite fundi wa kalafati na umpe muda wake. Kazi ya kwanza ni kutoa. Pamba yote kuukuu ing'olewe, mshono hadi mshono, hadi ubao uonekane safi. Ndipo pamba mpya isokotwe, ilowekwe mafuta, ishindiliwe kwa chembeu na nyundo. Ikilegea, maji yataitoa. Ikikazwa kupita kiasi, itazisukuma mbao na kung'oa misumari. Sikio la fundi ndilo linalojua mlio wa nyundo ulipobadilika. Baada ya hapo hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake hufika mtaa wa pili, na chini ya mstari wa maji hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. (Wazee wa bara ya jimbo hili walilazimishwa na Wareno kulima pamba tangu 1938. Leo mvuvi wa pwani yake anahesabu metikali apate kifurushi cha kuzibia mashua. Jambo hili huniuma kila nikilifikiria.)

Mafundi wa vioo wanaokarabati matangi makubwa ya samaki yaliyotumika wanafuata kanuni hiyo hiyo. Silikoni mpya haishikani na ya zamani, kwa hiyo ya zamani hukwanguliwa yote kwa wembe na kioo hupanguswa kwa spiriti kabla ya kuziba. Tangi la urefu wa mita 2, lenye upana na kina cha sentimita 60, hubeba kilo 720 za maji, na uzito wote huo unatafuta njia ya kutokea. Mashua inasukumwa upande wa pili, kutoka nje kuingia ndani. Anayepaka silikoni au lami juu ya pamba iliyooza anawapeleka watu kwenye kina cha maji kwa kuamini ngozi ya juu.

Lipo swali jingine ambalo aibu huwazuia watu kuliuliza: chombo hiki ni cha nani? Kilichoachwa ufukweni mwaka 2020 kina mwenyewe, au kina mjane, au kina mtoto aliyeko kambini. Muuzaji aonyeshe hati, na kama hati iliungua pamoja na nyumba, wazee wa mtaa na majirani wa ufukweni washuhudie. Asiyeweza kuleta hata shahidi mmoja, asipewe pesa.

Kwa wanaoleta misaada ya wavuvi, ombi langu ni hili. Mashua mpya inapendeza kwenye picha, lakini mwili mzuri wa mbao ngumu ukilala mchangani kwa kukosa pamba ni hasara isiyo na sababu. Lipieni pamba, sifa na ujira wa fundi kwa siku zote anazohitaji, na kila fundi apewe vijana wawili wa kumshikia nyundo, maana wanaoijua kazi hii ni wazee. Vifaa viwe ufukweni kabla ya bamvua, kwa kuwa ndipo maji hufika juu ya kutosha kuzipandisha mashua nzito, na maji mafu yanayofuata humwachia fundi siku kadhaa za kufanya kazi bila kukimbizwa na bahari.