Ngoma ya Mtaa na Kibali cha Mkubwa

Ipo dhana moja iliyotukalia kifuani tangu enzi za mkoloni, nayo ni kwamba Wakenya wakikusanyika pasipo kuitwa na mkubwa, basi lazima wana njama. Dhana hiyo iliandikwa katika sheria, ikarithiwa na serikali huru pamoja na viti na mafaili ya ofisi, na ikalindwa kwa rungu hata baada ya Kifungu cha 2A kufutwa mwezi wa Desemba 1991. Tunapoizungumzia, fikira zetu hukimbilia Kamukunji na tarehe 7 Julai 1990. Ni haki yetu kukumbuka. Lakini kabla ya siasa kupigwa marufuku uwanjani, mchezo wa kuigiza ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku kijijini, na ni kuhusu jambo hilo la pili ninalotaka kuandika.

Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, wakulima na vibarua wa mashamba ya chai na kiwanda cha viatu, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao. Waliigiza tamthilia ya Kikuyu iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, nao wenyewe wakaisahihisha katika mazoezi palipokuwa na neno lisilosemwa hivyo na wazee wao. Onyesho lilianza mwezi wa Oktoba. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mwaka 1982 askari walifika Kamirithu wakalibomoa jukwaa lenyewe. Mimi ni mwanasheria, na nimetafuta kosa lililotendwa na mbao zile. Sijaliona.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1991, ilikuwa zamu ya Shamba la Wanyama, mchezo uliotoholewa kutoka kwa kitabu cha Orwell. Nao ulizuiwa. Serikali iliyojitambua katika hadithi ya nguruwe ilikuwa imetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, wala hapakuhitajika wakili wa kuihoji.

Sasa tuje mjini, na hasa Mashariki ya Nairobi, katika mitaa ya Kaloleni, Makadara, Jericho na jirani zake. Mitaa hii ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na pamoja na nyumba zile ndogo wakajenga kumbi za jamii. Nia yao haikuwa ukarimu mtupu. Walitaka kijana wa Kiafrika acheze dansi chini ya jicho la msimamizi badala ya kuzungumza mambo mengine gizani. Lakini mwenyeji alikuwa mwerevu kuliko mwenye nyumba. Ukumbi wa Kaloleni uliingiliwa na siasa ya uhuru hata ukaitwa bunge la Waafrika, na Tom Mboya alihutubia humo. Jioni watu walicheza dansi, na mchana watu wale wale wakadai nchi yao. Hakuna aliyeona ajabu kwamba sakafu ilikuwa moja.

Kumbi hizo zingali zipo, ingawa si zote zenye afya. Nyingine hukodishwa kwa harusi na maombi, na nyingine hufunguliwa kwa upana pale tu mwanasiasa anapotaka kugawa kitu. Sina neno na harusi wala maombi. Swali langu ni kwa nini kikundi cha vijana wa mtaa chenye mchezo wa dakika arobaini, ambacho kimefanya mazoezi miezi mitatu uani kwa mtu, ndicho kinachoambiwa ufunguo haupo.

Aliyewahi kuhudhuria jioni kama hiyo mtaani anajua ninachokitetea. Viti huazimwa kanisani na taa huning'inizwa na fundi wa redio. Watoto huketi mbele chini, akina mama nyuma yao, na wanaume husimama mlangoni wakijifanya wanapita tu. Mwigizaji anayeigiza mwenye nyumba mchoyo hakosi kumtazama mwenye nyumba halisi aliyeketi safu ya tatu. Watu hucheka, naye analazimika kucheka pia. Anakuja mshairi wa kughani, baada yake vijana wa sarakasi wanaopandana mabegani hadi dari likawa karibu, kisha bendi ya nyimbo za zamani, na hapo wazee huinuka. Nimeona jirani wawili ambao hawakusemezana tangu ghasia za mwaka 2008 wakishikilia ncha mbili za pazia moja kwa sababu kamba ilikatika na hapakuwa na mtu mwingine karibu. Runinga haiwezi kufanya jambo hilo, wala simu. Sanaa hai humtaka mtu aje na mwili wake, akae karibu na asiyemchagua, na amstahimili mpaka mwisho.

Wapo wenzetu katika harakati za mageuzi wanaoniambia, kwa upole, kwamba haya ni mapambo. Kwamba kwanza tudai uchaguzi wa haki, mahakama huru na bei ya unga, kisha ngoma itajichezea. Naheshimu hoja hiyo lakini siikubali. Mtu hujifunza kuendesha mkutano kwa kuendesha mkutano. Kamati ya mtaa inayopanga onyesho lazima ichague mwenyekiti, ishike fedha za watu, itoe hesabu, igawe zamu, isikilize malalamiko ya jirani mwenye mtoto mchanga, na ikubali kushindwa kwa kura juu ya mchezo upi utangulie. Kamati ya namna hiyo, mwaka wa uchaguzi ukifika, hainunuliki kwa urahisi. Hilo wakubwa wanalielewa kuliko sisi, na ndiyo sababu hawakuwahi kuidharau ngoma.

Tuingie sasa katika sheria, maana ujinga wa sheria ndio mtaji wa wanaotuonea. Chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, kabla ya mwaka 1997 aliyetaka kuitisha mkutano wa hadhara alihitaji leseni, naye mtoa leseni aliweza kuikataa, au kuitoa asubuhi na kuifuta adhuhuri. Mageuzi ya mwaka 1997, yaliyotokana na mapatano ya vyama bungeni huku wananchi wakipigwa barabarani, yaliondoa leseni na kuweka taarifa. Mwandalizi humjulisha kwa maandishi mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku kumi na nne kabla ya mkutano. Hutaja jina lake, anwani yake, siku, saa na mahali. Nirudie, maana hapa ndipo watu wengi huteleza: hutoa taarifa. Haombi ruhusa. Afisa anayeuliza, "Nani amewaruhusu?" anauliza swali ambalo sheria imekwisha kulizika.

Sheria ile haikutungwa kwa ajili ya vichekesho vya mtaani, lakini maafisa wana desturi ya kuinyoosha mpaka ifike huko, na kwa hiyo nawashauri waandalizi wapeleke barua hata hivyo, wachukue nakala iliyopigwa muhuri, na waitunze mfukoni jioni yenyewe. Mwaka fulani kamati ya mtaa ninaoishi ilikwenda ofisi moja kuulizia ukumbi, ikatumwa ofisi ya pili, ya pili ikaituma ya tatu, na ya tatu ikasema tuzungumze vizuri. Kila msomaji wa ukurasa huu anajua maana ya kuzungumza vizuri. Hatukuzungumza vizuri. Tulicheza nje, chini ya mti, na umati ukawa mkubwa kuliko ambavyo ukumbi ungeupokea.

Juu ya Sura ya 56 imekaa Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 33 kinataja wazi uhuru wa ubunifu wa sanaa. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 11 kinaiagiza serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi, sanaa na sherehe za kijadi. Neno lililotumika ni la wajibu. Na Jedwali la Nne limewapa kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na huduma za umma. Maana yake ni kwamba ukumbi wa mtaa si fadhila ya mwakilishi wadi. Ni kazi aliyoajiriwa kuisimamia.

Na bado tazameni yaliyotokea. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa shule ya Butere ulipigwa marufuku katika tamasha la kitaifa la drama, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru uonyeshwe. Mwezi wa Aprili 2025 shule hiyo hiyo ikaletwa tena katika mgogoro kwa mchezo mwingine. Safari hii pia mahakama iliamuru uchezwe, lakini mtunzi alikamatwa, vitoa machozi vikarushwa Nakuru, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Tangu Kamirithu ni karibu miaka hamsini. Ikiwa wanafunzi wenye amri ya mahakama mkononi walitendewa hivyo mbele ya taifa zima, kikundi cha Jericho kisicho na wakili kitatarajia nini?

Haki ya jirani nayo ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 ni za haki, na anayefungulia vipaza sauti hadi usiku wa manane katika mtaa wa vyumba vilivyobanana hatetei uhuru wa mtu yeyote. Maliza saa nne. Geuza vipaza sauti vielekee ndani. Mjulishe mgonjwa wa nyumba ya pili mapema, na mpelekee chai. Vilevile wanamuziki wanaopigiwa nyimbo zao wana haki ya malipo yao, na kamati inayodai haki haiwezi kula jasho la msanii.

Jambo gumu zaidi ni fedha, hasa fedha za hisani. Mwanasiasa akisikia kuna tamasha atakuja na bahasha, fulana zenye uso wake na ombi dogo la dakika tano za kusalimia watu. Dakika hizo tano hula saa moja, na mwaka unaofuata tamasha lina jina lake. Heri mchango wa shilingi hamsini wa kila mlango, ulioandikwa daftarini na kusomwa hadharani, hata kama bendi itapungua mpiga gita mmoja. Kama ni lazima aje, na aje kama mtazamaji, alipe kiingilio, aketi.

Kwa mitaa iliyo tayari kuanza, hatua ya kwanza ni barua kwa kaunti kuuliza maswali matatu: ukumbi wetu unasimamiwa na nani, ada yake rasmi ni kiasi gani, na daftari la walioukodi mwaka uliopita li wapi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku ishirini na moja. Barua isainiwe na wakazi wengi, si mmoja, na nakala ibandikwe mlangoni mwa ukumbi wenyewe siku ile ile inapopelekwa.