Brauza isiyotaka kuhama

Wa mwaka wa mwisho wanafungasha, na ubao wa kantini umejaa matangazo: laptopu inauzwa, imetunzwa vizuri, bei maelewano. Sawa. Ila nina ubishi wangu leo: mashine uliyoinunua kwa bumu lako ni yako kweli, kama kuna programu huruhusiwi kuitoa?

Tuanze na zinazokubali kutoka. Mtu anaondoa Firefox au Chrome, alama yake inapotea kwenye skrini, anasema tayari. Tayari wapi! Kilichoondoka ni programu tu. Kurasa ulizotembelea na pasiwedi ulizohifadhi zinakaa kwenye folda nyingine, ndani ya AppData, ambayo Windows huificha. Firefox huacha mambo yako kwenye folda ya Mozilla. Chrome walau huuliza kama na data zifutwe. Usipoweka tiki, zinabaki kwenye folda ya Google. Mnunuzi akiweka tena brauza ileile kwenye akaunti ileile ya Windows, anaweza kukukuta umekaa humo kama mwenye nyumba: barua pepe, akaunti ya mkopo, hadi mambo ya mchumba. Kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, ukatafute folda ya Mozilla, kisha %localappdata%, ukatafute za Mozilla na Google, ufute. Kwa mashine ya kuuza, bora zaidi urudishe Windows upya na uchague kufuta kila kitu.

Sasa njoo kwa Edge. Huku kwetu, kwenye Windows, kitufe cha kuiondoa ama hakipo ama kimefifia, hakibonyezeki. Maelezo ya Microsoft ni kwamba ni sehemu muhimu ya mfumo.

Wimbo huu si mpya. Serikali ya Marekani ilipowashtaki mwaka 1998, walidai Internet Explorer haitenganishiki na Windows 98. Profesa Edward Felten wa Princeton akaandika programu ndogo ya kuiondoa, akaionyesha mahakamani. Microsoft wakajibu kwamba ameficha mlango tu, vyumba bado vipo. (Hapo kidogo walikuwa na hoja, nakubali.) Lakini mwaka 2001 mahakama ya rufaa, pamoja na mengine, ilisema kuinyima Internet Explorer nafasi kwenye orodha ya programu zinazoondolewa kulibana ushindani kinyume cha sheria. Kitufe tu, jamani, na kilifika mahakamani! Halafu Februari 2023 Microsoft wenyewe wakaizima Internet Explorer 11 kwenye kompyuta nyingi za Windows 10, kwa sasisho la Edge. Kumbe inawezekana, akitaka mwenye kiwanda.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tangu Machi 2024, aliye Ujerumani au Ureno anaiondoa Edge kwa kubonyeza kitufe, kwa sababu Umoja wa Ulaya umetunga sheria ya masoko ya kidijitali. Windows ni ileile. Tofauti ni eneo lililochaguliwa siku mashine inawashwa mara ya kwanza. Basi hoja ya ufundi imekwisha. Kilichobaki ni nani ana sheria ya kumlazimisha. Na sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya kuisimamia. Mbona swali hili hatulipeleki kwao?

Rumeti wangu anasema nalalamikia kitu kidogo, si uiache ikae tu. Haikai tu, bwana. Ukitafuta neno kwenye menyu ya Windows, matokeo ya mtandaoni yanafunguka humo hata kama umechagua brauza nyingine. Mimi nasomea ualimu. Nitasimamaje mbele ya kidato cha kwanza niwaambie kompyuta inamtii mtumiaji?

Wale wa IT mnaotembea na skripti za kuing'oa kwa nguvu, tahadhari: sasisho likija inaweza kurudi. Na WebView2 iacheni, programu nyingine zinaitegemea. Wa mwaka wa mwisho, AppData kwanza, tangazo baadaye.