Usidharau ligi ndogo

Ukisikia besiboli, najua unawaza ile kofia ya Yankees uliyookota Gikomba. Sawa, lakini nipe dakika mbili.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa 2019, nikiishi kwa anti yangu Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi. Lowell Spinners ilikuwa timu ya ligi ndogo chini ya Boston Red Sox. Nilikaa karibu hadi nikasikia mchezaji akijilaumu kwa kukosa mpira. Vijana wa rika langu, mshahara kiduchu, na wengi wao wasingefika ligi kuu. Bado walikimbia kama wamefika.

Baadaye nikaenda Fenway Park, uwanja wa Boston uliofunguliwa 1912. Manze, ule ukuta wa kijani wa mita 11 si mchezo! Lakini wachezaji niliwaona kama siafu, na mfuko ukalia.

Mookie Betts, nyota wa dunia leo, alichezea Lowell 2012. Waliomshangilia huko walimjua kabla hajawa jina.

Halafu mwisho wa 2020 ligi kuu ikapunguza timu zake za chini kutoka 160 hadi 120. Spinners ikakatwa. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua kufutwa mapema kunavyouma.

Sasa wewe, kila wikendi uko mbele ya runinga ukishangilia Arsenal. Timu ya mtaa wako inacheza Jumapili. Umewahi kwenda? Nenda kabla haijakatwa.