Aya Juu ya Darubini

Mwezi wa Januari 2010 vyombo vya habari vya Marekani vilitoa habari iliyowashtua wengi. Darubini za bunduki zilizotengenezwa na kampuni ya Trijicon ya jimbo la Michigan, ambazo askari walikuwa wakizitumia Iraki na Afghanistan, zilikuwa na herufi na tarakimu ndogo mwishoni mwa namba zake: JN8:12 kwa nyingine, 2COR4:6 kwa nyingine. Msomaji wa Biblia hahitaji kufafanuliwa. Ya kwanza ni Yohana 8:12, pale Kristo anapojitaja kuwa nuru ya ulimwengu. Ya pili ni Mtume Paulo akisema juu ya nuru ya Mungu iliyong'aa mioyoni mwetu. Malalamiko yalipozidi, kampuni ilikubali kuacha kuandika aya hizo kwenye darubini za jeshi. Miaka mitano baadaye kampuni nyingine, ya Florida, iliuza bunduki yenye mstari wa Zaburi 144, na swichi yake ya usalama ilikuwa na sehemu tatu: Amani, Vita, na Ndivyo Mungu Atakavyo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. La hasha. Leo hii bunduki za namna hiyo zimo katika nyumba za washarika wetu tunaoabudu kwa Kiswahili huku Marekani. Zinazungumzwa baada ya ibada, penye chai. Picha zake zinatumwa kwenye makundi ya WhatsApp: bunduki ndefu imelazwa mezani, darubini mpya imefungwa juu yake, na chini ya picha pana mstari wa Zaburi. Sisi tulioitwa kuchunga hatuwezi kunyamaza kwa kuogopa kuitwa wanasiasa. Hatuandiki habari za kura. Tunaandika habari za Amri ya Kwanza, ya Pili na ya Tano, ambazo kila mtoto wa kipaimara amezikariri.

Kwanza tuitendee haki hoja ya wenzetu, maana mhubiri asiyejua anachokikemea hustahili kuchekwa. Herufi AR katika jina la AR-15 hazina maana ya shambulio. Ni jina la ArmaLite, kampuni ambayo mhandisi Eugene Stoner aliifanyia kazi miaka ya 1950. Bunduki ya nusu-otomatiki hutoa risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio. Tena katika mauaji ya kila siku huku Marekani ni bastola zinazoua watu wengi zaidi, wala si bunduki ndefu. Kulenga shabaha ni ustadi wa kweli: mtu hujifunza kutuliza pumzi, kuusoma upepo, kuwa na subira. Na anayekwenda porini mwezi wa Novemba kuwinda kulungu kwa leseni hatendi dhambi. Nyama yake tumeila kwa shukrani. Hatusemi kwamba kila mwenye bunduki ameasi.

Tunachokataa ni uongo ambao watu wanajiambia wenyewe. Ukimwuliza ndugu kwa nini amenunua bunduki ya kudungua, jibu huwa moja: ulinzi wa nyumba. Haya, tuitazame bunduki yenyewe. Ina mtutu mrefu na mzito, miguu miwili ya kuiegemeza, na darubini inayokuza mara 25. Gurudumu dogo la darubini hiyo, likizungushwa hatua moja ndogo, husogeza pigo la risasi sentimita 1 kwa umbali wa mita 100. Je, mwizi huja kutoka mita 800? Ndani ya sebule darubini ya namna hiyo haioni kitu ila ukungu. Chombo hicho kimetengenezwa ili mtu apigwe, au shabaha ipigwe, na mtu aliye mbali kiasi cha kutoonekana. Basi kama ni mchezo, tuuite mchezo. Neno ulinzi lisitumike kuutakasa.

Na mchezo, kama michezo mingine, lazima uulizwe unagharimu nini. Waliomo wanajua kwamba bunduki ya aina hii haimaliziki kununuliwa. Sheria ya shirikisho inakihesabu kipande kimoja tu, kile cha chini chenye namba ya usajili, kuwa ndiyo bunduki, na hicho ndicho mtu huchunguzwa anapokinunua dukani. Vingine vyote, yaani mtutu, kitako, kifyatulio chepesi na darubini, katika majimbo mengi huletwa mlangoni kama viatu. Kwa hiyo mtu hubadilisha kipande leo, na kingine mwezi ujao. Darubini peke yake huweza kuzidi bei ya bunduki yenyewe. Wakati huohuo ahadi ya usharika haijatimizwa, na ada ya mtoto wa dada kule Bukavu au Kigoma inasubiri. Tunauliza bila haya: mke wako anaijua bei ya ile darubini? Kama hujathubutu kumwambia, tayari umejihukumu.

Lakini fedha siyo kiini. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther anauliza maana ya kuwa na mungu, na anajibu kwamba kile ambacho moyo wa mtu unakitegemea na kukitumainia, hicho ndicho mungu wake. Basi tujipime. Hofu inapokuja usiku, moyo unakimbilia wapi kwanza? Zaburi ya 20 ilishawataja wanaotumainia magari ya vita na farasi. Chombo kinaweza kuwa halali na bado kikawa sanamu. Ndama wa Haruni alitengenezwa kwa pete za masikioni ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Ndipo tunafika kwenye Amri ya Pili. Tumefundishwa kwamba jina la Bwana Mungu wetu ni la kumwomba, kumsifu na kumshukuru. Kuliandika neno lake juu ya kioo ambacho kwacho unamtazama mwanadamu ili umpige ni kulitaja bure. Aliyesema kwamba yeye ni nuru ya ulimwengu hakusema hivyo ili tuone vizuri pa kulenga. Mwenye kutuma picha ya bunduki pamoja na mstari wa Zaburi anamwazima Mungu awe mdhamini wa ununuzi wake. Aiondoe picha hiyo.

Wapo wanaotujibu kwa Luka 22, kwamba Bwana aliwaambia wanafunzi wasio na upanga wauze joho wakanunue. Wasome mpaka mwisho. Wanafunzi walipata panga mbili kwa watu kumi na mmoja, naye akasema zinatosha. Usiku huohuo upanga mmoja ulitumika, na kazi yake yote ilikuwa kukata sikio la mtumishi. Bwana akakemea, akaligusa sikio, akaliponya. Aliyetaka kujenga fundisho la silaha juu ya sura hiyo amejenga juu ya sikio ambalo Yesu mwenyewe alilirudisha.

Wengine wanatukumbusha Sutherland Springs, Texas. Tarehe 5 Novemba 2017 mtu mwenye bunduki ya familia ya AR-15 aliingia katika kanisa la Kibaptisti ibada ikiendelea, akaua watu 26, akihesabiwa mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama yake. Jirani alisikia milio, akatoka na AR-15 yake mwenyewe, akamjeruhi muuaji na kumfukuza. Hatumdharau jirani huyo hata kidogo. Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1523 kuhusu serikali ya dunia, alifundisha kwamba Mkristo kwa ajili yake mwenyewe huvumilia, bali kwa ajili ya jirani yake anaweza kuushika upanga. Mtu yule alitoka kwa ajili ya jirani. Lakini habari hiyo isikatwe nusu. Muuaji alikuwa na hukumu iliyomzuia kisheria kununua bunduki, ila Jeshi la Anga halikuwa limeipeleka rekodi yake, naye akauziwa dukani. Kama karatasi ingefika ilikotakiwa kufika, duka lingemkatalia. Anayetumia Sutherland Springs kusema kwamba uchunguzi hauna maana ameisoma habari kichwa chini.

Na tuikumbuke Charleston, tarehe 17 Juni 2015. Watu 9 wa kanisa la Emanuel waliuawa kwa bastola wakiwa kwenye kipindi cha kujifunza Biblia, pamoja na mchungaji wao, Clementa Pinckney. Muuaji walikuwa wamemkaribisha akaketi nao. Alikuwa mshiriki wa usharika wa Kilutheri. Adui tunayemwaza tunapokaza darubini daima anatoka nje. Yule alitoka kwetu.

Amri ya Tano inatugusa karibu zaidi ya hapo. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Yaani zaidi ya nusu hawakupigwa na mwizi wala na jambazi. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu mara 9 katika 10, lakini wengi wanaookoka katika jaribio la namna yoyote hawafi kwa kujiua baadaye. Saa ile mbaya hupita, mradi mtu hana mkononi kitu kisichompa nafasi ya pili. Jamii yetu haipendi kulitaja jambo hili. Tunasema marehemu aliugua ghafla. Hali tunao kati yetu wanaofanya kazi zamu mbili, waliopoteza kazi, vijana waliokwama kati ya lugha mbili, na wengi waliobeba vita vifuani mwao. Katekisimo Ndogo haituagizi tu tusimwue jirani; inatuagiza tumsaidie katika kila hitaji la mwili wake. Mwenye bunduki kabatini bila kufuli, huku mwanawe hali wala halali, hajaitii amri hiyo hata kama hajawahi kumlenga mtu.

Ipo hoja moja tunayoiheshimu kuliko zote, ile ya ndugu zetu waliotoka Kivu na kupitia kambi kama Nyarugusu. Wanasema: ninyi hamjui, sisi tulikuwa mikono mitupu walipokuja, na hatutakuwa hivyo tena. Hatuwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hofu yake ni ya kitoto. Lakini tunamwuliza kwa upendo: tangu uinunue, unalala? Anayeuza bunduki hauzi usingizi. Anaijua hofu yako na ameifanya kuwa soko. Aliyekimbia bunduki maelfu ya maili hastahili kuambiwa kwamba wokovu wake ni bunduki nzuri zaidi. Anastahili kusikilizwa, kuombewa, kupelekwa kwa tabibu wa nafsi, na kutembelewa na wazee wa kanisa bila kuhesabu saa.

Tunataka yafuatayo yafanyike. Kila mshiriki mwenye bunduki aifungie kwenye sefu, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli. Nyumba ikiingiwa na msiba, talaka, ulevi au huzuni nzito, bunduki itoke humo kwa njia ambayo sheria ya jimbo inaruhusu mpaka wakati huo upite, na anayewaza kujidhuru apigiwe simu 988 mara moja. Ulinzi wa ibada uamuliwe na baraza la usharika hadharani, usiamuliwe na mtu mmoja mwenye koti pana. Na vijana waambiwe ukweli wa sheria: mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida amekatazwa kumiliki bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, na hukumu ya kosa la bunduki yaweza kumrudisha kwao hata mwenye ukaazi wa kudumu. Picha moja ya kujionyesha isije ikavunja familia.

Watakaokasirika kwa maneno haya tunawaomba wasiondoke. Waje tufungue Katekisimo pamoja, amri kwa amri, na bunduki yao waiache nyumbani imefungwa.