Mama Ramotswe na Mume wa Zamani

Mwezi huu tunawaendea hasa ninyi mnaodhani kuwa riwaya za upelelezi ni za akina baba, zimejaa bastola na maiti. Kitabu tulichokisoma ni The No. 1 Ladies' Detective Agency cha Alexander McCall Smith, kilichotoka mwaka 1998. Mpelelezi wake ni mama mnene wa Gaborone, Botswana, aitwaye Precious Ramotswe. Ana gari dogo jeupe, na kila jambo gumu hulifikiria mbele ya kikombe cha chai.

Kesi zake ni za nyumbani. Mzee mmoja anahamia kwa mwanamke, akidai ni babaye aliyepotea zamani. Anakula, anahudumiwa, wala hana haraka ya kuondoka. Mama Ramotswe anavaa sare ya muuguzi, anamwambia kuwa binti amepata ajali na anahitaji damu ya baba, tena nyingi, hata kwa hatari ya maisha yake. Mzee anaungama papo hapo kuwa si babaye! Tulicheka sana.

Lakini kurasa zilizotugusa ni zile za maisha yake mwenyewe. Alipokuwa kijana aliolewa na mpiga tarumbeta mtanashati, Note Mokoti. Note alimpiga, kisha akamwacha akiwa mjamzito. Mtoto aliishi siku chache tu. Alirudi kwa baba yake, mzee Obed, aliyekuwa ametumikia migodi ya Afrika Kusini, naye akampokea. Baba alipofariki, binti aliuza ng'ombe wa urithi akafungua ofisi yake.

Je, yaliyopita yalikwisha? La. Katika kitabu kingine cha mwaka 2004, In the Company of Cheerful Ladies, mama huyu amekwisha kuolewa na fundi wa magari, Bwana J.L.B. Matekoni, mtu mwema sana. Ndipo Note anapotokea akitaka fedha. Mama Ramotswe anaogopa kwa sababu hakupata talaka kamwe. Huyu anayefumbua siri za watu anabeba yake peke yake, huku mumewe yumo humo humo nyumbani!

Hatimaye inajulikana kuwa Note alikuwa tayari na mke alipomwoa, kwa hiyo ndoa ile haikuwa halali. Hapo hatukuridhika. Ni bahati nyepesi mno. Akina mama wangapi waliopigwa wamepata kuokolewa hivyo? Sisi tungependa aketi na Bwana Matekoni mapema, jioni moja, amweleze yote. Mtu mpole kiasi kile angemsikiliza.

Anzeni na kitabu cha kwanza. Kiingereza chake ni chepesi, na binti wa sekondari anaweza kukisoma. Ila zile kurasa za Note, mama, zisome wewe kwanza, kisha mzungumze naye.